Akitimiza miaka miwili, usishtuke "akipungua" urefu

Mwezi mwanangu alipotimiza miaka miwili, urefu ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki ulikuwa mdogo kidogo kuliko wa mara iliyopita. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikikumbuka kila sahani aliyoisukuma. Kumbe ni kipimo tu: kabla ya miaka miwili mtoto hupimwa akiwa amelazwa, baada ya hapo husimamishwa, na akisimama hupungua kama sentimita 0.7. Muulize nesi kampimaje, kisha andika pembeni "kalala" au "kasimama".

Uzito nao una vituko vyake. Mpeleke na nguo nyepesi, bila viatu, pampasi ikiwa kavu. Katika mwaka wa pili mtoto huongeza kilo 2 na nusu hivi mwaka mzima, yaani gramu 200 tu kwa mwezi. Kikombe cha uji alichokunywa njiani kinatosha kukudanganya. Kwa hiyo mimi naangalia mstari wa uzito kwenye kadi unaelekea wapi kwa miezi mitatu, si nukta moja. Mstari ukilala au kushuka miezi miwili mfululizo, sisubiri, namuuliza mhudumu.

Na nina daftari dogo. Kila mwisho wa mwezi naandika maneno na vituko vipya. Mwezi uliopita: "maji", "sitaki" (hili kalishika vizuri mno), na kupanda kiti cha plastiki peke yake. Wakiuliza kliniki "anaongea?", nafungua ukurasa.