SOMO: Kupanga kikasha cha Gmail kwa NVDA bila kupoteza barua

Wakuu, wiki hii pekee watu wanne wamenifuata faragha na swali lilelile: barua zimejaa maelfu, kisoma skrini (programu inayotusomea kioo kwa sauti sisi tusioona) kinasoma matangazo mpaka mtu anachoka, afanyeje? Naandika yote hapa, mwingine akiuliza nimwelekeze tu. Mimi sioni. Natumia kisoma skrini kiitwacho NVDA kwenye Windows, Gmail naifungulia Chrome.

Hatua ya 1. Washa mikato ya kibodi: Mipangilio, Angalia mipangilio yote, Jumla. Teremka mpaka mwisho wa ukurasa uhifadhi mabadiliko. Usipohifadhi hujafanya kitu.

Hatua ya 2. Hapohapo, zima mwonekano wa mazungumzo. Majibizano ya watu kumi hayatafungwa tena kifurushi kimoja, kila barua itakaa mstari wake. Wako wanaopenda zikae pamoja. Mimi nimeishi na yote mawili, na kwa sikio hii ni nyepesi zaidi.

Hatua ya 3. HAPA SIMAMA. NVDA ina hali mbili. Ukiwa kwenye hali ya kuvinjari, herufi ni za NVDA: E inakupeleka kwenye kisanduku cha kuandikia, K kwenye kiungo, X kwenye kisanduku cha kuteua. Ukiwa kwenye hali ya kulenga, herufi zilezile zinakwenda moja kwa moja Gmail, na huko E maana yake ni kuiondoa barua kikashani na kuiweka kwenye hifadhi. Mimi sikulijua hilo. Kila nilipofungua barua nikataka kisanduku cha kutafutia, nilibonyeza E kwa mazoea, na barua iliyokuwa wazi ikaondoka. Mojawapo ilikuwa ya kuniita kwenye usaili wa kazi. Niliikuta siku tisa baada ya usaili kupita. Iliniuma sana, na ndiyo sababu hatua hii nimeiandika ndefu.

Kwa hiyo: kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na Spesi ndiyo inayobadilisha hali, na kila hali ina mlio wake. Kaa dakika tano ubadilishe huku na huku mpaka sikio lizoee milio hiyo, ndipo uguse herufi yoyote. Ukitaka kutafuta, uwe hali ya kulenga ubonyeze mkwaju (/), achana na E. Ukikosea, bonyeza Z papo hapo, kitendo kinatenguliwa. Ukichelewa, bonyeza G kisha A, utafika kwenye barua zote. Iliyohifadhiwa ipo huko, haijafutwa. Alama ya reli (#) ndiyo inayofuta. Barua iliyofutwa inakaa kwenye tupio siku 30 tu, basi.

Hatua ya 4. J inakwenda barua ya zamani zaidi, K mpya zaidi, Enter inafungua, U inakurudisha kwenye orodha.

Hatua ya 5. Lebo. Ziwe chache, na kila moja ianze na sauti yake: Kazi, Benki, Shule. Nimewakuta watu wana "Barua za kazi", "Barua za benki", "Barua za shule", na kila mara wanasubiri "barua za" iishe ndipo wajue wako wapi. Jicho linaruka maneno hayo, sikio haliwezi. L inafungua orodha ya lebo. Andika jina, bonyeza Enter.

Hatua ya 6. Vichujio, yaani kanuni zinazopanga barua zenyewe zinapoingia. Andika from: na anwani ya mtumaji kwenye kutafuta, fungua chaguo za utafutaji, unda kichujio. Wiki ya kwanza kiagize kiweke lebo tu. Ukishahakikisha hakikamati barua zisizohusika, ndipo ukiruhusu kuruka kikasha.

Hatua ya 7. Kusafisha. Tafuta category:promotions older_than:1y, bonyeza nyota (*) kisha A. Hapo umechagua ukurasa huo tu. Kiungo cha kuchagua zote kinatokea juu ya orodha. Kitafute kwa hali ya kuvinjari, kisha rudi hali ya kulenga ufute.

MASWALI

kibuyu: Mkuu haifanyi kazi, nabonyeza J kimya.

Mwandishi: Ulihifadhi mabadiliko?

kibuyu: Ndiyo.

Mwandishi: Basi uko hali ya kuvinjari. Hatua ya 3.

kibuyu: Ile ndefu sana, nifupishie.

Mwandishi: Sifupishi. Isome.

mama_wawili: Shikamoo mwalimu. Sina kompyuta, ni simu na TalkBack tu, kile kisoma skrini cha Android. Naweza kupata hivyo vichujio?

Mwandishi: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Programu ya Gmail ya Android haiundi vichujio, ila kichujio kikishaundwa kinafanya kazi kwenye seva (kompyuta za Google zenyewe), kwa hiyo simu yako nayo inanufaika. Azima kompyuta saa moja, unda vyote, na usisahau kutoka kwenye akaunti. Kwenye simu, weka kidole juu ya barua, telezesha juu kisha kulia. Menyu ikifunguka chagua Vitendo. Kuhifadhi na kufuta vimo humo.

nyota_ya_bara: Mimi wa kisoma skrini cha JAWS?

Mwandishi: Insert na Z badala ya NVDA na Spesi. Mikato ya Gmail ni ileile.

jua_kali: Kwa nini msitumie ile Gmail nyepesi ya HTML? Mnajitesa.

Mwandishi: Iliondolewa 2024. Wengi wetu tuliipenda, hatukuiacha kwa hiari.

pwani_njema: Nyongeza: Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, ni bure na orodha yake inasomeka vizuri. Tahadhari, huko A ndiyo inayohifadhi.

mama_wawili: Na mwanangu analalamika barua za Kiswahili zinasomwa kizungu.

Mwandishi: NVDA, Control na V, achague sauti ya Kiswahili ya eSpeak, sauti zinazokuja na NVDA. Kama anapokea lugha zote mbili, atengeneze wasifu (seti ya mipangilio) wa pili kwa NVDA, Control na P, aupe mkato wake. Mimi nabadilisha kabla ya kufungua barua, kwa vidole tu.

kibuyu: Nimesoma hatua ya 3. Nimeingia barua zote. Kuna barua 41 sikuwahi kuziona, mbili za chuo.

Mwandishi: Pole sana ndugu yangu. Anza na za chuo, zifungue, tafuta kitufe cha kuhamishia kikashani kwa B ukiwa hali ya kuvinjari. Angalia tarehe zake kwanza, kisha niandikie hapa. Leo nipo mpaka usiku.