Kupandisha sungura: jinsi ya kujua jike yuko tayari kabla ya kumpeleka kwa dume

Rafiki yangu mfugaji alikuwa karibu kumchinja dume wake kwa sababu majike hawashiki mimba. Nilipokwenda kuangalia, dume alikuwa mzima kabisa. Majike walikuwa wamenenepa kupita kiasi, hakuna aliyewakagua kabla ya kupandwa, na kila mara dume ndiye aliyekuwa akipelekwa kwenye kizimba cha jike. Nimeandika hapa yale niliyomwonyesha, kwa mpangilio uleule.

1. Hakikisha jinsia

Bonyeza taratibu kando ya tundu la uzazi. Dume hutokeza kijibomba cha mviringo, jike huonyesha mpasuko. Watenganishe kabla hawajafika miezi 3, la sivyo ndugu watapandana.

2. Pima uzito, usihesabu miezi tu

Aina ndogo kama Dutch hupevuka wakiwa na miezi 4 hadi 5, New Zealand White na California miezi 5 hadi 6, na Flemish Giant huweza kufika miezi 8 au 9. Dume mpe mwezi mmoja zaidi ya jike. Lakini mimi naamini mizani kuliko kalenda: jike apandishwe akiwa amefikisha angalau robo tatu ya uzito wa sungura mzima wa aina yake. Akipandwa akiwa mdogo, mimba itamnyang'anya chakula cha kukulia. Akiwa mnene mno, mafuta hujaa kuzunguka ovari, kushika mimba kunakuwa shida na kuzaa kunakuwa shida zaidi.

3. Soma rangi ya uke

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayowapotezea muda.

Sungura hana mzunguko wa joto kama wa ng'ombe, anayerudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Mayai ya sungura hayatoki kwenye ovari mpaka apandwe. Ni kitendo chenyewe kinachoyachochea, nayo hutoka saa 10 hadi 13 baadaye. Kwa hiyo jike mwenye afya huwa tayari siku nyingi, kisha hupitia siku chache za kukataa, halafu huwa tayari tena. Kazi yako ni kuzijua siku hizo, na mwili wake unazionyesha waziwazi.

Mshike vizuri, mgeuze, umkague kwenye mwanga wa mchana. Tochi ya simu hudanganya rangi. Ukikuta weupe au waridi iliyofifia, pamesinyaa na pakavu, mrudishe kizimbani ujaribu tena baada ya siku mbili tatu. Ukikuta wekundu ulioiva, pamevimba kidogo na pana unyevu, mpeleke sasa hivi. Rangi ikielekea zambarau, wakati mzuri unapita, lakini bado inafaa kujaribu siku hiyohiyo.

Usibonyeze kwa nguvu unapokagua, maana nyama iliyobanwa hubadilika rangi nawe utasoma vibaya. Ukiona vidonda au magaga, simamisha kila kitu: inaweza kuwa kaswende ya sungura, ambayo huenea kwa kupandana. Kagua pia madume wote, na usipandishe yeyote kati yao mpaka watibiwe.

Jike anayenyonyoka manyoya kwa msimu hukataa mara nyingi, mwache amalize. Jike aliyekataa kwa muda mrefu, mwongezee mwanga ufike saa 14 hadi 16 kwa siku. Wengine huitikia ukiwabadilishana vizimba usiku mmoja, yeye alale kwa dume na dume alale kwake, ili azoee harufu.

4. Jike aende kwa dume

Usifanye kinyume. Jike hulinda kizimba chake na anaweza kumshambulia mgeni, hata kumng'ata korodani. Kwa dume, anayekubali hujinyoosha na kuinua mkia. Dume akimaliza huanguka ubavuni au nyuma, mara nyingi kwa mlio mfupi. Hapo mtoe jike. Akikimbiakimbia kwa dakika tano bila kukubali, mtoe pia.

Siungi mkono kabisa kuwaacha pamoja usiku kucha. Hutajua tarehe, wataumizana, na dume atachoka bure. Simama hapo uone kwa macho yako, kisha andika tarehe kwenye kadi ya kizimba.

Angalizo la joto: dume aliyekaa siku kadhaa kwenye joto linalopita nyuzi 30 za Selsiasi anaweza kupanda kwa bidii bila kutia mimba. Mbegu zake huchukua kama miezi miwili kurudi sawa, hivyo kivuli na hewa ni sehemu ya upandishaji.

5. Papasa tumbo kati ya siku ya 10 na ya 14

Mkono mmoja ushike ngozi ya mabega, mwingine upite chini ya tumbo, mbele ya nyonga. Mimba husikika kama gololi laini zinazoteleza vidoleni. Kinyesi huwa kigumu zaidi na kiko juu, karibu na uti wa mgongo. Usiminye.

Wapo wanaomrudisha jike kwa dume ili kupima mimba. Kipimo hicho sikiamini: mwenye mimba anaweza kukubali, na asiye nayo anaweza kukataa. Akianza kunyofoa manyoya mapema, kati ya siku ya 16 na ya 18, huenda ana mimba ya uongo. Ikiisha, mara nyingi hushika haraka.

6. Sanduku la kuzalia

Liweke siku ya 28, lenye nyasi kavu. Wengi huzaa siku ya 31. Toa waliokufa, hesabu wazima, funika. Mama hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, tena kwa dakika chache, kwa hiyo usidhani amewatelekeza. Dume akae mbali: jike anaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa.