Unameza dawa za presha? Haya mambo yaangalie

Mtu anapewa dawa za presha, anameza wiki kadhaa, anaenda kupima anakuta 125 kwa 80, basi akirudi nyumbani vidonge vinaingia kabatini na yeye anatangaza kapona. Hapana jamani. Hicho kipimo kizuri ni kazi ya dawa yenyewe, ukiitoa presha inapanda tena na mara nyingi inapanda kimya kimya, kichwa hakiumi, hakuna dalili, we unajiona mzima kabisa. Afu kuna dawa ambazo kuzikata ghafla ni hatari kwelikweli: atenololi, propranololi, bisoprololi na wenzao, pia klonidini. Ukiziacha kwa mara moja mapigo ya moyo yanaenda mbio na presha inaruka, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio hapo hapo. Kama dawa inakusumbua mwambie dokta, yeye atakupunguzia dozi taratibu au atakubadilishia, zipo aina nyingi tu. Na usisubiri mpaka kidonge cha mwisho ndo uanze kutafuta vingine.

Ukisahau dozi, meza ukikumbuka, ila kama muda wa dozi inayofuata umeshakaribia hiyo iliyopita iache, endelea na ratiba yako. Usimeze mbili kufidia, presha inaweza kushuka mpaka uanguke. Dawa za kukojoza kama furosemidi na hidroklorothiazidi kwa kawaida zinamezwa asubuhi, maana ukimeza usiku utakesha unaenda chooni, na mzee anayeinuka gizani huku presha iko chini ndo yule anayeokotwa sakafuni. Hata mchana, hasa wiki za kwanza au dozi ikiongezwa, usinyanyuke kitandani kwa pupa: kaa kwanza pembeni ya kitanda, chezesha miguu kidogo, kichwa kikitulia ndo usimame.

Kitu kingine kidogo lakini kina madhara: angalia boksi, kama baada ya jina la dawa kuna herufi kama SR, XL au ER ujue hicho kidonge kimetengenezwa kiachie dawa polepole. Usikisage wala kukitafuna, dozi ya siku nzima itaingia mwilini kwa mkupuo mmoja.

Sasa tuje kwenye dawa za maumivu, hapa ndo watu wengi wanaumia bila kujua. Mgongo unauma, unapita duka la dawa unachukua diklofenaki au ibuprofeni, unameza siku kumi mfululizo, mwisho wa mwezi presha iko juu na dokta anakuongezea dozi kumbe shida ni zile za mgongo. Zinafanya mwili ushikilie chumvi na maji, na zinabana damu inayoenda kwenye figo. Mbaya zaidi kama tayari unatumia enalaprili, lisinoprili au losatani pamoja na dawa ya kukojoza, ukiweka na diklofenaki juu yake figo zinaweza kufeli, sikutishi, ni mchanganyiko unaojulikana kabisa. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa dozi sahihi ndo salama zaidi, yakizidi kaulize. Dawa za mafua zenye kazi ya kuzibua pua nazo zinapandisha presha, kwa hiyo kila ukifika duka la dawa anza kwa kusema "natumia dawa za presha", hata kama hujaulizwa. Dawa za miti shamba pia taja, dokta akikununia shauri yake, ila ajue.

Wanaotumia enalaprili, lisinoprili, losatani au spironolaktoni wasinunue ile chumvi mbadala ya potasiamu bila kuuliza, potasiamu ikijaa kwenye damu inavuruga mapigo ya moyo. Ndo maana unaitwa kupima damu ya figo na potasiamu, usiikwepe. Na ukiharisha au kutapika sana, dawa hizi pamoja na za kukojoza zinaweza kuhitaji kusimama kwa muda mpaka maji yarudi mwilini, piga simu uulize siku hiyo hiyo. Balungi nalo linapandisha nguvu ya dawa kama felodipini na nifedipini. Pombe inaongeza kizunguzungu, hiyo mnaijua.

Kikohozi kikavu kisichoisha kwa mtu wa enalaprili au lisinoprili mara nyingi ni dawa, sio kifua, anabadilishiwa. Vifundo vya miguu kuvimba kwa wa amlodipini ni kawaida yake, ripoti, usijianzishie dawa ya kukojoza. Ila midomo, ulimi au uso ukivimba, hiyo ni dharura, hospitali sasa hivi, hata kama umetumia enalaprili au lisinoprili miaka. Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa atenololi au propranololi. Na dada ukijua una mimba au unapanga kubeba, enalaprili, losatani na ndugu zao zinadhuru mtoto tumboni, wahi kliniki haraka ubadilishiwe, zipo zinazotumika kwa wajawazito kama metildopa.

Kupima nyumbani: tulia umekaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Pima mara mbili ukipisha dakika moja, andika zote na tarehe, hilo daftari litamsaidia dokta kuliko maelezo yako yote. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene unasoma juu kuliko hali halisi.

Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi na unajisikia sawa, pumzika dakika chache, rudia, ikibaki hapo wasiliana na dokta siku hiyo hiyo. Usijiongezee vidonge, na ile tabia ya kuweka nifedipini chini ya ulimi achana nayo, inaweza kushusha presha ghafla mpaka mtu akapata kiharusi. Lakini kama kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona ukungu, ulimi mzito au upande mmoja kulegea, usikae kurudia vipimo, nenda, na beba mfuko wenye dawa zako zote.