Mtoto wa chuo cha Kurani anayekataa kuandika

Wazazi wenzangu mnaosomesha watoto nyumbani hapa Mombasa, jaribuni hii. Wangu msahafu anasoma vizuri mashallah, lakini ukimpa daftari aandike Kiswahili machozi, basi siku hizi baada ya Maghrib namwambia aandike sentensi mbili tu za siku yake kwa herufi za Kiarabu, halafu chini yake azirudie kwa herufi za kizungu, manake wazee wetu wa pwani barua na tenzi zao waliandika hivyo hivyo karne na karne. Mwanzo atakwama na hapo ndipo penye faida. Kiarabu kina alama za irabu fupi fataha (a), kasra (i) na dhuma (u), hizo 3 tu, na sisi tuna irabu 5, kwa hivyo ya e na ya o mkubaliane alama yenu wenyewe, na p muipate kwa kuiongeza herufi be nukta mpaka zifike 3. Akianza kubishana vipi atatenganisha kuku na koko, ujue sikio limefunguka. Msisahihishe kila kosa jamani. Sentensi moja iwe ya shukrani, juzi wangu kamshukuru Mungu kwa mahamri ya bibi yake.