Kamera ya nyuma kwenye tela: hasi ya chesisi itakusumbua
Mnaofunga kamera kwenye tela za korosho huku Mtwara, waya wa hasi msiubane kwenye chesisi (fremu ya chuma) ya tela mkadhani mmemaliza. Chumvi ya bahari inakula bolti, kutu inaingia, picha inaanza kucheza. Mimi nilibadilisha kamera mbili nzima kabla ya kushtuka! Vuta hasi yake mpaka kwenye kichwa cha lori. Umeme ukiuchukua kwenye taa ya rivasi, utaona nyuma unaporudi tu. Ukitaka kuona hata ukiwa njiani kwenda Masasi, tafuta waya unaopata moto (umeme) funguo ikiwashwa, uweke na fyuzi ndogo. Ila soma maandishi ya kamera kwanza: malori mengi ni volti 24, kamera ya volti 12 tu inaweza kuungua hapo hapo.