Kufunga vishikizo vya kamba kwenye sitaha ya kayaki ya mbao

Kayaki ya mbao uliyoiunda mwenyewe inapomalizika kupakwa vanishi, hubaki kazi moja ambayo waundaji wengi huiahirisha: kutoboa ile sitaha iliyong'arishwa kwa jasho, ili kufunga kwa bolti vishikizo ambamo kamba hupita. Kusita huko kuna sababu. Kila tundu linalopita kwenye plaiwudi ya milimita 4 ni njia ya maji, na maji yakishapenya katikati ya matabaka yake husambaa kimyakimya chini ya epoksi, ile gundi ngumu iliyofunika mbao, mpaka mbao iwe na madoa meusi na faibaglasi ianze kubanduka. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa zaidi kwenye matundu kuliko kwenye kamba.

Kwanza tenganisha kamba za aina mbili, kwa sababu mahitaji yake hayafanani. Kamba ya pembezoni, isiyovutika, huzunguka kingo za sitaha ili mtu aliyepinduka apate cha kushika akiwa majini. Poliesta yenye unene wa milimita 6 inafaa kuliko nailoni, ambayo huvutika zaidi inapobeba uzito. Kamba ya mpira ya milimita 5 au 6 ni ya kubana ramani, chupa ya maji na kafi ya akiba, na haifai hata kidogo kuwa tegemeo la mtu. Vishikizo vya kamba ya pembezoni ndivyo vinavyopaswa kuhimili mvuto mkubwa, kwa hiyo visitegemee skrubu fupi zilizozamishwa kwenye plaiwudi nyembamba; vinahitaji bolti inayopita hadi ndani.

Kupanga mahali pa vishikizo kusifanywe kwa rula peke yake. Iweke kayaki juu ya godoro au nyasi, keti ndani, shika kafi na uige kupiga makafi huku mwenzako akibandika vipande vya utepe wa karatasi kila mahali vidole vyako vinapopita karibu na sitaha. Hapo pasiwekwe chuma. Kisha vuta uzi kutoka omo, yaani ncha ya mbele, hadi tezi, ncha ya nyuma, upate mstari wa kati, pima kila upande, halafu simama mbele ya omo na utazame kwa jicho moja. Chombo kilichoundwa kwa mkono ni nadra kulingana pande zote mbili, na pale kipimo na jicho vinapopingana, mimi hulifuata jicho. Chungulia pia chini ya sitaha kwa tochi, ili tundu lisiangukie kwenye ukuta wa ndani au kwenye ukingo wa mfuniko.

Chini ya kila kishikizo cha kamba ya pembezoni, gundisha kwa epoksi kipande cha plaiwudi cha milimita 6, chenye upana wa sentimita 5 hivi, kilichoviringwa pembe na kuchongwa kingo ziwe za mteremko ili mvuto usambae badala ya kukusanyika mahali pamoja. Aliyebahatika kusoma haya kabla ya kufunga sitaha aifanye kazi hii sasa, maana baadaye mkono haufiki kwenye ncha nyembamba za omo na tezi.

Sasa tundu lenyewe. Kwa bolti ya milimita 5, usitoboe tundu la milimita 5. Toboa la milimita 10, lipite sitaha pamoja na kile kipande cha chini. Ziba upande wa chini kwa utepe, pakaza kuta za tundu epoksi nyepesi ili mbao inywe, kisha jaza epoksi iliyokorezwa kwa unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Ichokoe kwa kijiti ili viputo vya hewa vitoke, na uiache ivimbe kidogo juu ya tundu, kwa kuwa itashuka. Ikishakauka kabisa, kwa kawaida kesho yake, isawazishe kwa msasa ukiwa umevaa barakoa, halafu toboa katikati yake kwa biti ya milimita 5, drili ikienda polepole. Tazama vumbi linalotoka: likiwa jeupe, uko ndani ya epoksi, likianza kuwa na rangi ya mbao, biti imekwenda upande, na tundu hilo lijazwe upya. Mwisho, panua kidogo mdomo wa tundu, ili kizibio, yaani ile dawa ya kuzuia maji utakayoipaka chini ya kishikizo, kipate kukaa mviringo shingoni mwa bolti.

Kuhusu vishikizo vyenyewe, vya chuma kisichoshika kutu hupendeza, lakini mimi hupendelea vitanzi vya kanda ya nailoni yenye upana wa milimita 20 au 25, kwa sababu havichubui vidole na hubadilishwa kwa urahisi. Tundu la bolti kwenye kanda litobolewe kwa msumari uliopashwa moto. Ukilikata kwa kisu, nyuzi zitafumuka.

Paka chini ya kishikizo kizibio cha poliurethani. Silikoni iachwe, kwani mabaki yake huzuia vanishi na epoksi kushika hapo siku ya ukarabati. Ndani weka washa pana na nati yenye pete ya nailoni. Kaza mpaka kizibio kitokeze pembeni kidogo, uishie hapo. Kikishakauka, ongeza robo mzunguko, ukizungusha nati huku bolti imeshikwa isigeuke, la sivyo utakivunja. Bolti iliyozidi ikatwe na kulainishwa kwa tupa, hasa karibu na miguu.

Kabla ya kupitisha kamba, mimina ndoo ya maji ndani ya kayaki, ipindue na ikague baada ya saa moja. Kishikizo chenye tone kifunguliwe na kuzibwa upya.

Kamba ya pembezoni ivutwe kiasi cha kuruhusu vidole kuingia chini yake bila kuacha kitanzi cha kunasa mkono mzima. Choma ncha zake, na ziunge nyuma ya mahali pa kukalia kwa fundo la wavuvi lililorudufiwa, mbali na njia ya mikono. Kamba ya mpira ikazwe kwa kadiri tu. Ikizidi huipinda sitaha nyembamba na yenyewe huchakaa mapema, kwa hiyo ilegeze kila unapoihifadhi kayaki kwa muda mrefu, na uibadilishe pindi inapoacha kurudi ilipokuwa.