SOMO: Dar hadi Maun, wawili na mabegi ya mgongoni, bila kufunga ratiba

Wakuu, kila wiki nakuta swali lilelile: "Mlifikaje Botswana wewe na shemeji kwa mabasi, bila kampuni ya utalii?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii. Ni kwa wenye pasipoti ya Tanzania. Njia yetu: Dar, Tunduma, Lusaka na Livingstone (Zambia), mji wa Victoria Falls (Zimbabwe), Kasane na Maun (Botswana).

1. Pasipoti. Iwe na zaidi ya miezi sita mbele yake na kurasa tupu. Zambia, Zimbabwe na Botswana, Mtanzania haombi viza.

2. Chanjo ya homa ya manjano. Cheti kinaanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchomwa, kisha ni cha maisha. Msisubiri wiki ya safari.

3. Pesa. Bebeni dola za noti ndogo, safi. Zimbabwe dola zinapokelewa ila chenji ni shida. Gawaneni: kila mmoja na kadi yake, pesa yake, na nakala ya pasipoti ya mwenzake. Begi moja likipotea, lililobaki liwafikishe nyumbani wote wawili.

4. Kufika Zambia. Kuna basi la Dar–Lusaka, na kuna treni ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Kwenye treni wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti, labda mnunue chumba kizima. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda 4. Kama treni inatembea, na ratiba yake, ulizieni stesheni yenyewe, inabadilika.

5. SIKU ZA MHURI. Hapa nisomeni taratibu. Kila mpaka afisa atauliza mnakaa siku ngapi. Kwenye nchi moja kati ya hizi foleni zilikuwa mbili, mimi dirisha la kushoto, mke wangu la kulia. Nikajibu saba, maana ndizo tulizokuwa tumepanga. Yeye akajibu wiki mbili. Wangu akaandika 7 kwa kalamu ya bluu juu ya mhuri, wa kwake akaandika 14. Hatukufungua pasipoti tena mpaka usiku wa siku ya sita, tuko kambini, tumeshakubaliana kuongeza siku nne kwa sababu pale palitupendeza na hela ilikuwepo. Alfajiri tukakunja hema likiwa bado na umande, tukawahi basi la kwanza la mpakani. Mke wangu hakunilaumu, ila njia nzima aliangalia dirishani. Hilo sijalisahau.

Kwa hiyo:
- Sheria kuruhusu hadi siku 90 haina maana utaandikiwa 90. Kinachokubana ni namba iliyoandikwa.
- Ombeni siku nyingi kadiri mnavyoweza kukaa kweli, msitaje zile za mpango tu. Ratiba huru bila siku za akiba haipo.
- Simameni dirisha moja, mtaje namba moja.
- MSIONDOKE DIRISHANI kabla ya kusoma mhuri. Kama siku ni pungufu, ombeni kwa adabu hapohapo.
- Mkitaka kuongeza, nendeni ofisi ya uhamiaji siku zikiwa hazijaisha. Nasisitiza: hazijaisha.

6. Malazi. Lipieni usiku wa kwanza tu kwa kila nchi. Hiyo ndiyo anwani ya kujaza kwenye fomu.

7. Livingstone kwenda Victoria Falls mnavuka kwa miguu juu ya daraja la 1905. Simameni katikati, msikimbilie mhuri. Wasiopitia Zimbabwe wakate moja kwa moja kwa daraja la Kazungula, lililofunguliwa 2021.

8. Kuingia Botswana mtakanyaga dawa ya ugonjwa wa miguu na midomo ya ng'ombe, na viatu vya ndani ya begi vinaweza kutolewa vichovywe. Viwekeni juu. Nyama mbichi msibebe.

MASWALI

Mzee wa Safari: Mkuu, viza ya Zambia bei gani?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mzee wa Safari: Si ungejibu tu, kwani shida nini?

Mwandishi: Jibu lipo mstari wa pili wa hatua ya kwanza. Nimekaa usiku kuandika haya ili yasomwe.

Nyota ya Voi: Na sisi Wakenya?

Mwandishi: Kenya haimo SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo Tanzania imo, kwa hiyo usibebe jibu langu. Angalia nchi moja moja kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi husika.

Binti Ilala: Sisi bado hatujafunga ndoa. Tutadaiwa cheti?

Mwandishi: Sisi hatukudaiwa mpakani wala gesti, dada. Ila kila mtu ajaze fomu yake.

Kasuku: Nimesoma yote. Kinachonitatiza ni mwezi: nataka maporomoko ya Victoria yawe na maji, na Okavango, ile delta ya karibu na Maun, pia. Inawezekana?

Mwandishi: Swali zuri sana. Maporomoko hujaa kilele kama Aprili. Wakati huo mvuke ni mwingi hata kuona ni taabu, mnaloana kama mmenyeshewa. Oktoba na Novemba upande wa Zambia sehemu kubwa ni mwamba mtupu. Okavango ina mwendo wake: maji yanatoka mvua za Angola, yanasafiri miezi, yanafika Maun kiangazi, Juni hadi Agosti. Kwa hiyo nendeni Juni au Julai. Maporomoko bado yana nguvu, na mokoro, ile mitumbwi ya kusukumwa kwa mti, inapata pa kupita. Bebeni sweta, usiku baridi inauma.

Kondakta Mstaafu: Nyongeza kwa wageni wa njia hiyo: Zambia iko nyuma yetu saa moja, na kule hakuna saa za Kiswahili. Tiketi ikisema 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi kwa saa ya kule, nyumbani ni saa moja. Nimeshuhudia wengi wakiachwa.

Mwandishi: Ahsante mzee wangu, hilo nilisahau. Naliongeza hatua ya 4 sasa hivi.